Pini Zisizo na Vitanzi

Jumatano, 6 Februari

Mdogo wangu Kobe,

Salamu kutoka nyumbani. Sisi wazima. Paa bado linavuja pale pale juu ya kabati, na Mama bado anaweka sufuria ile ile chini yake na kusema fundi anakuja kesho. Simu yako najua imefungiwa kwa mkuu wenu, kwa hiyo nimenunua bahasha na kurudi zama za babu. Mkono unaniuma na sijafika hata nusu ukurasa.

Nimepandishwa cheo. Usipige makofi kwanza. Nimetolewa kwenye ukaguzi nikapewa meza ya kupunguza gharama, nayo ni meza kweli, imewekwa kwenye korido karibu na choo, na kila anayepita anaiangalia kama jeneza. Mkubwa wangu mpya ni yule tunayemwita Bwana Asilimia. Hawezi kusema habari za asubuhi bila kuongeza tarakimu. Amenieleza jambo moja tu: pini zetu ni ghali. Kuna kiwanda cha ng'ambo kinachotengeneza pini hiyo hiyo kwa bei ya chini, na jeshi limeanza kukiulizia. Tusiposhusha bei kabla ya mkataba mpya, kazi inahamia huko, na sisi wote, kuanzia mlinzi wa getini mpaka Mama na wenzake wa chumba cha vitanzi, tutakaa nyumbani kusikiliza paa likivuja.

Pini zenyewe unazijua kuliko mimi. Mimi naziona zikitoka mashineni. Wewe unaziona zimeshakaa kwenye pua ya kombora, zimelizuia lisiamke kabla ya wakati wake, mpaka mpiga mzinga ashike kile kitanzi cha kamba, avute, apakie. Sasa niambie wewe mtunza ghala, mtu wa mikono na si wa karatasi: kitu gani kwenye ile pini hakina kazi? Chuma hakiguswi. Rangi nyekundu haiguswi. Kinachobaki ni kamba, na kufunga kamba kwa mkono ndiko kunakokula pesa. Nimewauliza wakubwa wa jeshi, wamenijibu kwa barua ya kurasa nne isiyosema kitu. Wewe nakuamini.

Nimechoka, Kobe, na kazi yenyewe haijaanza. Kula vizuri.

Dada yako


Jumapili, 24 Februari

Dada Mkubwa wa Korido,

Hongera. Meza karibu na choo ni bahati, kila mkubwa atapita kwako apende asipende.

Huku ghalani mambo ni yale yale. Pakavu, kimya, paka wetu kazaa tena ndani ya sanduku la majembe. Naamka, nafungua kufuli, nahesabu, nafunga kufuli. Mwambie Mama nanenepa. Samahani kwa haya madoa kwenye karatasi, ni chai, nimekigonga kikombe kwa kiwiko.

Mwambie pia kwamba nimekutana na vitanzi vyake. Wenzangu hawaamini, wanasema kamba ni kamba, lakini mimi fundo lile nalijua: anazungusha mara mbili, halafu mkia anauficha ndani. Ndilo alilokuwa akinifungia viatu pale kwenye ngazi ya mlango, wewe umeshafika getini na mkoba begani unapiga kelele, "Kobe! Kobe wewe! Tutafungiwa nje!" Jina likanata mpaka jeshini. Nikiliona fundo lake nasema shikamoo kimoyomoyo, kisha naendelea na kazi.

Sasa swali lako. Kusema kweli vitanzi vinatusumbua. Vinanasa kwenye misumari ya masanduku, unataka kutoa kimoja unavuta na vya jirani. Ghalani hakuna anayevuta pini, sisi tunapanga tu. Kama lazima kitu kiondoke, viondoe. Sitavililia.

Isipokuwa vya Mama.

Kobe


Alhamisi, 21 Machi

Kobe wangu,

Pendekezo limepita! Waya wa pini sasa utakunjwa ncha, uwe kama kindoano, na hicho kindoano ndicho cha kuvutia. Mashine moja inakata, inanyoosha, inakunja, inatema. Bwana Asilimia alisoma pendekezo langu mpaka mwisho bila kukohoa, na kwake hiyo ni sherehe. Alipouliza nani kasema kitanzi hakihitajiki, nilikuwa na jibu tayari nimeliandika kwa wino: "Mtumiaji amethibitisha." Sikuandika kwamba mtumiaji ni mdogo wangu ambaye mpaka darasa la nne alikuwa hajui kufunga viatu.

Walijaribu mbele yetu, ofisini, kwenye meza iliyofutwa vumbi. Mkaguzi wa jeshi akavuta ya kwanza, ikatoka. Akavuta ya pili, ikatoka. Akafuta vidole kwa leso, akanywa soda, akaondoka. Mkataba tumebaki nao. Kiwanda hakifungwi. Watu wananisalimia koridoni kama mtu, na mimi nataka kulala tu.

Mama mzima, anakusalimu. Kazini kama kawaida. Siku hizi kapata nguvu mpya, kapanga makabati yote ya jikoni, na akishayapanga anayapangua.

Dada yako


Jumapili, 5 Mei

Dada,

Sina nafasi ya maneno mengi. Pini mpya zimefika. Waya mtupu, ncha imekunjwa. Nimefungua sanduku la kwanza, nikafungua linalofuata, nikafungua yote. Hakuna kitanzi hata kimoja, cha Mama wala cha mtu mwingine.

Uliniandikia Mama yuko kazini kama kawaida. Anafunga nini?

Kobe


Jumatano, 15 Mei

Kobe,

Umenishika.

Chumba cha vitanzi kilifungwa wiki ile ile niliyokuandikia kwa furaha. Nilimwambia Mama mwenyewe, jikoni, akiwa anakata vitunguu. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, kwa matusi, kwa lolote. Akasema, "Sawa," akaendelea kukata. Kisha akasema mikono yake imechoka na afadhali imepata likizo. Sijui kama ni kweli. Wenzake walipewa keki na mkono wa heri, na sasa kile chumba kimewekwa mashine ya kahawa ya wageni.

Nilikuficha kwa sababu nyumba yetu haiandiki habari mbaya, unatujua. Babu alipovunjika mguu wewe uliandikiwa kwamba anapumzika.

Lakini na mimi nina swali, na tangu barua yako ifike halinitoki kichwani. Pini mpya hazijaingia ghala lolote. Mimi ndiye ninayesaini zikitoka, naelewa zinakokwenda. Kule mbele makombora yalikuwa yamewaishia, jeshi likaagiza mapya, yenye pini hizi, yapelekwe moja kwa moja kwenye mizinga. Kwenu halikufika hata sanduku moja.

Umeziona wapi, Kobe? Nimeitoa barua yako ya Februari nikayakwangua yale madoa kwa ukucha. Chai haitoi vumbi. Lile ni tope.

Nijibu upesi. Usinipambie maneno.

Dada yako


Jumapili, 2 Juni

Dada,

Njia ya mwongo fupi, na mimi nimeshafika mwisho wake. Niko kwenye mizinga tangu Januari. Ghala nilishalikabidhi kabla hujaandika barua yako ya kwanza. Paka ni wa kweli, ila ni paka wa zamani.

Uliniandikia "wewe mtunza ghala", nami nikajibu kama mtunza ghala. Ningekwambia kitanzi kina kazi ungeuliza nimejuaje, na siku hiyo hiyo Mama angejua niko wapi. Kwa hiyo nikachagua jibu la misumari. Nayo ni kweli, vinanasa. Nilikupa ukweli wa ghalani nikijua kabisa sipo ghalani, na ndicho kinachoniuma. Sikufikiri kwamba neno langu lingekwenda mbali hivyo. Nilidhani kuna wakubwa wengine wa kuulizwa.

Sasa nikueleze, maana uliomba ukweli. Huku hatuvuti pini mezani. Mvua imetuhamia. Mikono ina tope na mafuta, glavu zimelowa mpaka ndani. Kitanzi ulikuwa unaingiza kidole hata ukiwa umefumba macho, unavuta, yamekwisha. Hiki kindoano ni kidogo kuliko ukucha. Kwa glavu hakishikiki, na ukivua glavu vidole vimekufa ganzi. Tuna koleo moja, linazunguka kama kiberiti cha jirani. Kinyozi, mwenzangu wa mzinga huu, anayetunyoa sisi sote, yeye anatumia meno. Anasema vita ikiisha atamtumia Bwana Asilimia ankara ya daktari wa meno.

Tungecheka vizuri zaidi kama isingekuwa habari ya muda. Sisi tukipiga, na wao hujibu. Kazi ni kupiga na kuingia handakini kabla jibu halijafika. Pini ikigoma, wenzako wanakimbia na wewe umebaki umesimama na kombora kifuani kama mtu aliyeachiwa mtoto wa watu.

Mimi ndiye ninayevuta pini kwenye mzinga wetu. Naogopa, Dada. Nimeshalisema.

Usimwambie Mama.

Kobe


Ijumaa, 14 Juni

Mdogo wangu,

Sijalala tangu niisome. Asubuhi yake nilikwenda moja kwa moja kwa Bwana Asilimia, hata mkoba sikuuweka chini. Nikamwambia virudishwe vitanzi.

"Kwa sababu gani?"

"Kwa mvua pini hazivutiki. Watu wanatumia meno."

"Nani kasema?"

"Mtumiaji."

Akafungua droo, akatoa pendekezo langu, akalisogeza mbele yangu, na kidole chake kikakaa pale pale kwenye wino wangu. "Mtumiaji amethibitisha," akasoma. Hakusoma kwa kejeli. Ana macho mekundu kama yangu, naye nadhani halali. Akasema, "Dada, mkataba una bei yake. Kitanzi kikirudi, bei inapanda, na bei ikipanda kazi inaondoka, na kule ng'ambo wao wanakunja waya vile vile. Mdogo wa mtu atavuta waya ule ule, ila sisi tutakuwa hatuna kazi."

Nikaenda stoo ya vitu chakavu. Ile kamba ya chumba cha Mama ilikuwa bado ipo, imetupwa pamoja na viti vibovu. Nikaibeba. Mlinzi aliniangalia, nikamwambia ni ya kuanikia nguo, akafungua geti.

Mama nilimwambia ni sampuli, kuna mteja kaomba kuona. Hakuuliza mteja gani. Akavuta kiti mpaka dirishani, akavaa miwani, akaanza. Kesho yake niliporudi kutoka kazini wale wenzake walikuwa wamejaa sebuleni, wanafunga na kusengenya kama zamani, sufuria ya paa katikati yao. Tumekufungia kikapu kizima. Unapitisha kitanzi kwenye kindoano na kukaza, basi, kinashika. Nimejaribu mwenyewe bafuni na glavu zilizolowa. Kinavutika.

Kifurushi kimeondoka leo. Mpaka kifike, koleo likae mfukoni mwako, si mwa mwingine. Nimekusababishia mimi, nisamehe. Na wewe umejisababishia, nakusamehe. Tutagombana vizuri ukirudi.

Dada yako


Jumanne, 9 Julai

Shikamoo Dada,

Hunijui ila kwa sifa. Mimi ndiye Kinyozi. Ukiona mwandiko wangu usishtuke, Kobe yu hai, yuko hapa mbele yangu, ndiye ananiambia cha kuandika, lakini mengine naongeza mwenyewe maana yeye anataka niandike kwamba anapumzika.

Ilikuwa mvua. Tulipiga vizuri, likabaki kombora moja, na pini yake ikagoma. Koleo alikuwa nalo, likateleza likaangukia topeni. Mkuu akapiga kelele tushuke, tukashuka. Tukadhani na yeye yu nyuma yetu. Kumbe kabaki pale anahangaika na ule waya, maana anasema hakutaka kuliacha kombora limelala wazi karibu na yale mengine. Jibu lao likaja likaangukia pembeni. Nilimtoa mimi na dereva.

Uso mzima, macho mazima, miguu mizima. Mkono wa kulia umepoteza kidole gumba na viwili vinavyofuata. Wa kushoto umebaki na nusu ya kidole gumba, vingine vimevunjika, daktari anasema vitarudi kiasi. Naandika hivi kwa sababu dada wa mtu anastahili kuambiwa.

Kifurushi chenu kilifika siku iliyofuata. Nilikibeba nikampelekea hospitali bila kujua kilichomo, nikakifungua kitandani kwake. Akavitazama vile vitanzi, akageuza uso ukutani. Baadaye akaniita, akasema niende nikavifunge kwenye pini zote na nisicheze. Tumevifunga. Vikipungua tunafunga vingine kwa kamba za mahema. Alinifundisha lile fundo kwa mdomo, mara mbili, mkia ndani, mpaka nikalipata. Sasa kikosi chote kinalijua, na vikosi vya jirani wanakuja kujifunza. Dada, tangu hapo hakuna aliyebaki juu.

Anasema Mama asiambiwe.

Mimi mwenzake,
Kinyozi


Jumatatu, 29 Julai

Kobe wangu,

Nimeandika barua hii mara nyingi nikaichana. Sasa naiandika ofisini, kwenye ile meza, watu wanapita kwenda chooni na wala sifichi uso.

Ulipata wapi moyo wa kumfundisha mtu fundo ukiwa umelala na mikono miwili imefungwa bendeji? Mimi hapa nina mikono mizima na sijui niifanyie nini.

Nikwambie la hapa, maana usipolisikia kwangu utalisikia kwa wengine. Habari imemfikia Bwana Asilimia kwamba wanajeshi wanafunga vitanzi vyao wenyewe kwa kamba za mahema. Nilidhani ataona aibu. Aliniita, akanikalisha, akanionyesha ukurasa mpya. Ameandika kwamba kazi ya kufunga kitanzi imehamia kwa mtumiaji bila gharama yoyote kwa kiwanda. Ameiita hatua ya pili ya mafanikio. Kuna sehemu ya sahihi yangu chini, kwa kuwa wazo la kwanza lilikuwa langu.

Sikusaini. Nilisema siwezi, akasema, "Basi," bila hasira, akampa wa meza ya pili, akasaini yeye, ikapita. Nimekaa hapa nikisubiri kusikia fahari kidogo kwa kukataa. Haikuja. Nimechoka tu. Mwisho wa mwezi ujao naacha kazi, nimeshawaambia, na wameniuliza kama naweza kuirudisha ile kamba.

Mama hajui. Kila nikifungua mdomo natoa habari za paa. Utakaporuhusiwa kurudi tutafikiri pamoja tumwambie nini.

Dada yako


Jumapili, 4 Agosti

Mwanangu,

Naandika mwenyewe, uvumilie mwandiko. Dada yako kalala, na hajui kwamba nimeipekua mikoba yake nikazisoma barua zako zote kuanzia ya paka. Akiamka nitamwambia. Kwangu hakuna tena cha kufichwa, tumekwisha kuona faida yake.

Mnaniona mimi yai. Dada yako kaniletea kamba nyumbani, kaniambia sampuli. Tangu lini sampuli ikawa kikapu kizima? Na tangu lini ghalani wakavuta vitanzi? Mimi nimevifunga mpaka vidole vimepinda, unadhani sikuwa nawaza nani anavivuta? Siku ile ile nilijua uko wapi. Wenzangu nao walijua. Tulifunga tukacheka kwa nguvu ili dada yako asijue kwamba tunajua.

Ilipokuja barua yenye mwandiko wa mtu mwingine juu ya bahasha, nilikaa nayo mapajani mpaka dada yako akarudi. Sikuifungua. Akaisoma amesimama, akasema, "Kobe anakusalimu." Nikasema salamu zimefika. Halafu kila mmoja akaenda kulia chumbani kwake, na ukuta wenyewe ni wa mbao. Mficha maradhi kilio humuumbua, na sisi kimetuumbua watatu.

Kwa chumba kile kufungwa usimlaumu. Nilikuwa nimechoka kweli, nilifurahi kupumzika, wala sikujua kama kile kitanzi kina uzito hivyo. Kwangu kilikuwa kamba. Mlaumu kwa kunificha, na yeye akulaumu kwa hilo hilo, halafu myamalize. Sitaki kusikia nani kamwumiza nani mezani kwangu.

Yule Kinyozi mwambie aniletee fundo lake nilione. Mkia ukiwa nje nitalifungua.

Nasikia wanakurudisha mwisho wa mwezi. Nakujua unavyojua kujidai. Utataka kuja na ndara ili watu wasikuulize. Usivae ndara. Njoo na viatu vyako, kamba ziburute zinavyotaka. Ukifika usiingie ndani, kaa pale kwenye ngazi ya mlango, ninyooshee mguu. Dada yako atasubiri getini, na safari hii hatapiga kelele.

Mama yako